Usiombe Kazi Yoyote, Sechelela

Chang'ombe,
Dodoma.

Mwanangu Sechelela,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, ukiwa umekwisha kupanda basi la Arusha linalopitia Kondoa na baba yako anamsumbua utingo kuhusu begi lako. Hapa naandika yale ambayo nikianza kuyasema nitalia, nikilia wewe utanibembeleza, na tukimaliza kubembelezana hakuna atakayekumbuka tulikuwa tunazungumza nini. Ndivyo tulivyo mimi na wewe.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji, wala za kuamka mapema, wala za kutoacha pochi yako juu ya meza ya watu. Hayo unayajua, na usiyoyajua shangazi yako wa Arusha atakufundisha kwa sauti kubwa. Nataka tuzungumze habari ya wasifu wako.

Uliniachia mezani baada ya chakula ukasema, "Mama, niangalizie tu makosa ya herufi." Nimeangalia. Makosa ya herufi hakuna hata moja. Lakini nilipoumaliza niliurudia, kisha nikachukua penseli, na sasa kurasa zako nne zina alama zangu kama daftari la mtoto aliyekosa hesabu. Najua ukifika Arusha utauchapisha upya, ndiyo maana nimethubutu. Usikasirike kabla hujamaliza barua hii.

Nafasi ni moja. Tangazo ulilikata gazetini ukalibandika ukutani, nami nimelisoma kila nilipopita na ndoo: kliniki ya binafsi huko Arusha inamtaka mtaalamu wa tiba ya viungo, afanye kazi pamoja na daktari wao anayetibu migongo kwa mikono. Wenzako uliomaliza nao chuo nao wamelisoma. Karatasi hizi zitaingia ofisini kwa daktari kabla yako. Hataona macho yako, hatasikia unavyocheka. Atakachokijua juu yako ni kile ulichokiandika.

Na chini kabisa ya ukurasa wa nne umeandika hivi: "Niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa."

Sentensi hiyo ni yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha ulipokuwa unaomba chuo, ukaihifadhi kama sala. Nilipoikuta leo, Sechelela, kabla ya kusikitika nilifurahi. Niliwaza kwamba kwa sentensi hii daktari ataziweka karatasi zako pembeni, na mwezi ujao utarudi, tutakaa tena jikoni tukichambua mlenda na kumsema baba yako. Furaha hiyo haikukaa, lakini ilikuwepo. Nataka ujue kwamba mkono ulioshika penseli hii haukutaka uondoke.

Sasa nikueleze sentensi hiyo ilikotoka.

Shuleni kwetu tulikuwa na Mwalimu Esta, aliyetufundisha Kiswahili na uandishi wa barua. Tulimpenda kwa sababu alituchukulia kama watu wazima. Siku ya somo la barua ya kuomba kazi alisimama mbele yetu akasema, "Mwombaji ni mgeni mlangoni. Mgeni hasemi ana njaa. Anaketi anapoonyeshwa." Sisi tukaandika neno kwa neno. Hakuwa anatudanganya. Nyumbani kwetu pia, huko Ugogoni, mtoto aliyesema "nataka" mbele ya wakubwa alionekana hana malezi. Tena zama zile ulimaliza masomo ukakaa nyumbani ukisubiri bahasha ya serikali, nayo ikija ikikuambia Lindi, ulikwenda Lindi, ikikuambia Kigoma, ulikwenda Kigoma. Kuchagua kulionekana kama kuidharau nchi. Kwa hiyo barua nzuri ilikuwa ile yenye unyenyekevu, na yangu ilikuwa nzuri kuliko zote darasani. Mwalimu aliisoma kwa sauti.

Mimi nilitaka dawa. Hujawahi kunisikia nikilisema hilo, nadhani. Nilipenda kemia, na nilipenda lile dirisha dogo la hospitali ambako mtu alipokea vidonge vyake katika karatasi iliyokunjwa na kuambiwa taratibu asubuhi ngapi, jioni ngapi. Niliona kazi ya mtu aliye nyuma ya dirisha lile kuwa kazi ya heshima kabisa. Nikaandika barua kwenda hospitali. Ilikuwa na anuani mbili, kumbukumbu, jina la kijiji, kata, tarafa, jina la balozi wetu wa nyumba kumi, na shule zangu zote tangu darasa la kwanza. Neno "dawa" halikuwamo. Nilidhani wataniuliza.

Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaisoma barua yangu yote bila haraka.

"Binti, umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwandiko umetulia. Nawe unasema kazi yoyote."

"Ndiyo, mzee."

"Basi una bahati. Kwa dobi wameniomba mtu tangu wiki iliyopita. Utaweza?"

Hapo ndipo nilipokuwa na pumzi moja ya kusema. Nikasema, "Nitashukuru, mzee." Naye akasema ni kwa muda tu.

Katika huo "muda tu" ndimo nilimoolewa, ukazaliwa wewe, ukatambaa, ukaenda shule, ukamaliza. Siilaani dobi. Wanawake wa pale walikubeba mgongoni kwa zamu wakati mimi nasukuma mashuka kwenye pipa. Unamkumbuka Mama Chiku wa Kondoa. Siku yangu ya kwanza alinipa boksi la sabuni akasema, "Haya msomi wa kidato cha nne, tusomee, huyu sabuni anasemaje?"

Nikasoma. "Anasema asiingie machoni."

"Mjibu basi. Mwambie na yeye atoke mikononi mwetu."

Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Vicheko vile ndivyo vilivyonishika pale. Mtu anaweza kukaa mahali pasipo pake miaka mingi kwa sababu kuna mtu mmoja anayemchekesha.

Kisha nafasi ikatokea dirishani, kwenye dawa. Nilisikia ikiwa imekwisha kujazwa. Aliyeipata alikuwa binti mdogo kwangu, cheti chake na changu vilikuwa sawa. Nikajikaza, nikavua aproni, nikaenda kwa yule yule karani. Kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa cheupe. Nikamuuliza kwa upole kwa nini hawakunifikiria.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Wewe ulitaka dawa?"

"Tangu siku ile, mzee."

"Mbona hukuwahi kusema, mama? Barua yako naikumbuka. Ilisema yoyote."

Hakuwa mtu mbaya, Sechelela. Aliisoma barua yangu akaiamini.

Nakuambia haya kwa sababu wewe umekwenda mbali kuliko mimi, una stashahada, una mikono iliyofundishwa, lakini umeingia kwenye karatasi kwa mlango ule ule niliouingilia. Siku hizi hakuna wa kukupangia. Serikali imesema kila mtu ajitafutie. Dobi yenyewe wamepewa watu wa kampuni, na sisi tukapunguzwa kwa barua iliyotushukuru. Unajua nilivyokaa uani msimu ule, nikifua nguo ambazo zilikwisha kuwa safi. Kisha maduka ya dawa yakaanza kufunguliwa hapa Chang'ombe, moja baada ya jingine, na asubuhi moja nikavaa gauni langu la kanisani nikaenda kwa Mzee Salumu. Sikumwachia hata nafasi ya kuniuliza ninaumwa nini.

"Nimekuja kuomba kazi ya kuuza dawa," nikamwambia. "Sitaki kufagia wala kupika chai. Nataka dawa, na usichopata muda wa kunifundisha nitakisoma."

Akacheka. "Mama, mbona unaomba kama unayedai?"

"Niliwahi kuomba vizuri, Mzee Salumu. Haikunisaidia."

Unaona mwenyewe nilivyo sasa, najifunza majina ya dawa nikiwa na mvi. Nimechelewa, lakini nimesimama nyuma ya dirisha. Wewe usichelewe. Ile sentensi ya mwisho nimeikata. Mahali pake, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, mwambie daktari unaomba kazi gani, kwa jina lake, moja.

Nimekata pia karibu ukurasa wote wa kwanza. Daktari hahitaji kujua tarafa tuliyotoka wala jina la shule ya msingi. Mambo hayo tuliyaandika sisi kwa sababu tulitaka kuonyesha tuna wenyewe, tusije tukadhaniwa watoro. Yeye ana rundo la karatasi, na wagonjwa wanamsubiri kwenye benchi. Usimpitishe utoto wako wote kabla hujamwonyesha unaweza nini.

Na hapo, kwenye unaweza nini, ndipo nilipokaa muda mrefu. Umeandika kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu, mcheshi na mwenye moyo wa kujituma. Ni kweli tupu, lakini Mama Chiku angesema hata mwizi ana moyo wa kujituma. Kisha umeandika, "Katika mafunzo kwa vitendo nilihudumia wagonjwa mbalimbali." Mwanangu, hawa wagonjwa mbalimbali ni akina nani? Hapa mezani ulitusimulia yule mfanyakazi wa reli wa Zuzu, aliyeumia mgongo akinyanyua mataruma, wakamleta hospitali amelala juu ya mlango kwa sababu machela haikuwepo. Ulituonyesha ulivyomgeuza, ulivyomfundisha kukaa, kisha kusimama ameshika kitanda, mpaka siku aliyokwenda bombani mwenyewe akarudi akiwatukana wenzake kwamba wamemlia mshahara. Baba yako aliacha kula. Ulipoingia kwenye karatasi, mtu huyu mzima umemfanya "mbalimbali". Mrudishe. Jina lake usilitaje, hilo ni la kwake, lakini mgongo wake, ulichokifanya na alivyotoka, viandike.

Najua utaona haya. Nami ningeona. Tumelelewa kwamba sifa za mtu hutoka kinywani mwa mwingine. Hata baba yako hakujisifu aliponiposa. Alikuja mshenga, mzee mfupi mwenye kikohozi, akaketi na babu yako na ndugu zake. Babu yako akauliza, "Huyo kijana wako yukoje?" Nilikuwa nyuma ya ukuta nasikiliza, nikingoja sifa. Mshenga akakohoa weee, akasema, "Kiangazi kilichopita alichimba kisima kwenye mchanga wa korongo. Maji yakapatikana. Ng'ombe wake wakanywa, na wa jirani anayegombana naye wakanywa. Mimi nimemaliza." Babu yako hakuuliza swali jingine. Akasogeza kibuyu cha pombe.

Kwenye wasifu huna mshenga. Itakubidi uwe mshenga wako mwenyewe, na njia ninayoiona ni kuandika kama unamsemea mtu mwingine unayempenda. Mtaje kisima, acha sifa.

Neno "mzoefu" nimelizungushia duara. Umesema una uzoefu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Ninavyokumbuka, ulimwona daktari wa aina hiyo alipokuja chuoni kwenu kuonyesha kazi yake, ukarudi ukitusumbua wiki nzima, unamgusa kila mtu shingo. Kuona si kuzoea. Akikuamini kama karani alivyoniamini mimi, siku ya kwanza atakuwekea mbele mtu mwenye shingo mbovu aseme endelea. Andika ulichokiona na kwamba unatamani kujifunza kwake. Mtu anayetaka msaidizi hakasirikii anayetaka kujifunza.

Kuna mahali pengine ambapo penseli yangu ilisimama yenyewe. Umeivuta tarehe ya kumaliza chuo, ukaisogeza mbele, ili ule mwaka uliokaa nyumbani usionekane. Najua wenzako wamekuambia pengo ni baya. Lakini mwaka ule ndipo ulipomlea bibi yako alipopooza. Ulimgeuza asubuhi, mchana na jioni, ukimnyoosha vidole kimoja kimoja huku mnagombana kwa Kigogo, yeye anakuita mchawi wa mifupa na wewe unamwambia mchawi hafui mashuka. Aliondoka hana kidonda hata kimoja mgongoni. Mimi niliyefua mashuka ya hospitali najua maana yake ni nini. Rudisha tarehe ya kweli, na mwaka ule uandike: nilimuuguza nyumbani mgonjwa aliyepooza. Kama daktari ataliona hilo kuwa pengo, hafai kufundisha mtu kushika mgongo wa mtu.

Kuhusu wadhamini, mimi na baba yako tumekwisha kugombana, kwa hiyo usianze upya. Ni yeye aliyekwambia umwandike mheshimiwa mbunge, kwa kuwa aliwahi kumwendesha kwenye gari la ofisi.

"Jina la mheshimiwa lina uzito," akaniambia.

"Anamfahamu Sechelela?"

"Ananifahamu mimi."

"Anakuita nani?"

Baba yako akatafuna tonge lake muda mrefu. "Ananiita dereva."

"Haya, daktari atapiga simu kuulizia tabia ya binti wa dereva."

Akacheka mwenyewe, kisha akasema polepole, "Nilitaka awe na mtu mkubwa nyuma yake." Usimcheke kwa hilo. Alikuwa anatafuta cha kukupa, hana kingine, akakupa mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Mshukuru, kisha mwandike Bibi Agnesi, aliyekusimamia wodini. Umemwacha kwa sababu alikuwa anakukaripia. Mtu aliyekukaripia kila siku alikuwa anakutazama kila siku, na akiulizwa ana la kusema.

Ukitoa nilivyovikata na kuongeza niliyokuambia, kurasa zitabaki mbili. Usiogope uchache wake.

Limebaki jambo moja, nami nimekuwa nikilizunguka tangu nilipoanza kuandika. Tangazo linasema waombaji wanaoishi Arusha ndio watakaoitwa kwanza. Wewe, mahali pa anuani ya kudumu, umeandika sanduku letu la hapa Dodoma. Nilijiambia hilo si kosa. Nikaenda kufunika mkaa, nikarudi, nikaliangalia tena. Barua ya wito ikija huku, itazunguka posta, baba yako ataipata siku aliyokumbuka kupita na ufunguo, na nafasi itakuwa imeshachukuliwa na mtu wa jirani. Lakini sikusita kwa sababu ya posta. Nilisita kwa sababu lile sanduku ndilo jambo pekee katika kurasa zote mbili linalosema bado unakaa kwetu.

Nimelikata. Nimeandika sanduku la shangazi yako, na chini yake Arusha. Neno hilo nimelipitishia penseli mara mbili, utaona, lakini linasomeka. Utakapopeleka kwa mchapaji mwambie aandike hivyo hivyo, wala usirudi kuniuliza kama nina hakika.

Daktari akikuuliza unatoka wapi, lafudhi yako itamjibu kabla hujafungua bahasha ya vyeti.

Mama yako anayekupenda,
Mama Sechelela.